Mpira wa kumimina wa chupa mbili, baada ya miezi 18 kwenye Peugeot 404

Raba ya pedali ya klachi ilivunjika mkononi mwangu kama kipande cha mkaa, na weusi wake ukabaki vidoleni hadi jioni. Gari ni Peugeot 404 ya mwaka 1967, la marehemu baba. Wakati huo bodi ilikuwa imeshanyooshwa na kupigwa rangi, injini imefunguliwa na kufungwa upya, viti vimeshonwa. Nilidhani kazi ngumu imekwisha. Kumbe bati hugongwa likarudi, chuma huchomelewa na kuchongwa, lakini raba ikishakauka haina dawa. Unatafuta nyingine au unaitengeneza.

404 zilianza kutoka kiwandani mwaka 1960, na uzalishaji Ufaransa ulikoma 1975. Si gari la nadra, na raba kubwa ya kioo cha mbele niliipata mpya bila shida. Vilivyonitesa ni vidogo: pete za mpira ambamo nyaya hupita kwenye ukuta wa injini, vifundo ambavyo boneti hutua juu yake, raba za pedali, kola inayozunguka nguzo ya usukani pale chini, vizibo vya sakafu. Niliandika orodha ya vipande 14. Vingine sikuvipata popote. Vingine nilivipata vikiwa vya zamani, vimelala stoo miaka mingi, vimekauka ndani ya mifuko yao vikiwa havijawahi kuliona gari. Raba huzeeka popote ilipo. Oksijeni na ozoni ya hewani huila polepole hata rafuni.

Ndipo nikanunua mpira wa kumimina. Sasa nimeutumia miezi 18, nimeumimina kwenye kalibu (umbo tupu la kumiminia) zaidi ya 30, vipande vilivyofaa viko kwenye gari na gari linatembea. Naandika kwa sababu maelezo mengi niliyoyasoma kabla ya kununua yaliishia siku kipande kilipotolewa kwenye kalibu kikiwa kizuri. Siku hiyo kila kipande ni kizuri. Mimi nilitaka kujua kitakuwaje baada ya joto, oili, jua na mguu wa mtu.

Niseme pia natoka wapi, kwa sababu inahusika. Kazi yangu ni maabara ya meno, natengeneza meno ya bandia. Nta, plasta, silikoni na kalibu ndivyo vyombo vyangu vya kila siku kwa miaka 22. Magari si fani yangu. Kwa hiyo pale nitakaposema hatua fulani ni rahisi, asiyewahi kushika kalibu aongeze subira kidogo.

Bidhaa yenyewe ni chupa mbili. Ya kwanza ina maji mepesi ya manjano yaliyofifia, ya pili ina kitu kizito. Ni poliyurethani, jamii ya plastiki inayoweza kuwa laini kama mpira. Ukivichanganya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa una kama dakika 20 kabla havijaanza kukaza, unamimina kwenye kalibu, na kesho yake unatoa mpira. Sitaji chapa. Nimetumia za watengenezaji watatu na tabia zao zilifanana kiasi kwamba ningefumbwa macho nisingezitofautisha. Jambo la kuangalia kwenye chupa ni namba ya ugumu, inayoandikwa Shore A. Kipimo hicho huanzia 0 hadi 100. Karibu na 30 ni ulaini wa raba za kufungia karatasi, 60 na kitu ni mpira wa tairi unapougusa kwa kidole gumba, 80 ni kisigino kigumu cha kiatu. Nilianza na 60, baadaye nikaongeza chupa za 40 kwa vipande vinavyotakiwa kujikunja. Mtu akinunua moja tu, anunue ya 60.

Usikubali kupima ugumu kwa kushika raba ya zamani. Nilikosea hapo kwenye kipande cha kwanza kabisa. Vifundo vya boneti vilivyotoka kwenye gari vilikuwa vigumu kama pembe, nami nikataka kununua mpira mgumu ufanane navyo. Nilipokata kimoja katikati kwa wembe, ndani kabisa kulikuwa bado na kiini laini kinachorudi ukikibonyeza. Kiini hicho ndicho kilichoshikilia tabia ya raba ilipokuwa mpya. Tangu siku hiyo nakata kwanza, halafu ndiyo nachagua namba.

Na umbo ni hivyo hivyo. Raba ikizeeka husinyaa. Ukichukua nakala ya pete iliyokaa kwenye bati miaka 50, unapata nakala kamili ya pete iliyosinyaa, na itacheza tunduni. Mimi hupima tundu la bati na unene wa bati, kisha nautazama mpira wa zamani kama mchoro tu, wa kunionyesha mdomo uko upande gani na mfereji umekaa wapi. Pale pengo linapozidi naongeza nta juu ya kipande cha zamani, nachonga hadi kikae tunduni sawasawa, na hicho ndicho ninachokitolea kalibu.

Kalibu ndiyo iliyonichelewesha wiki tatu. Kazini tunatumia silikoni inayogandishwa na platini. Ni safi, haisinyai, inachukua hata alama ya kidole. Nikaimimina juu ya kola ya zamani ya usukani, nikasubiri, nikafungua. Pande zote imeganda vizuri, lakini pale ilipogusa raba imebaki uji unaonata. Nikafikiri nimekosea kipimo. Nikarudia kwa mizani, gramu kwa gramu. Uji tena. Mara ya tatu nilisimama na ile kola mkononi nikakumbuka jambo ambalo kila mwanafunzi wetu hufundishwa mwezi wa kwanza: usiikande silikoni ya platini ukiwa umevaa glavu za mpira wa asili, maana salfa iliyomo huizuia kuganda. Na raba za magari zimepikwa na salfa. Ndiyo njia ile aliyoigundua Charles Goodyear mwaka 1839, ya kupika mpira na salfa ili usiyeyuke kwenye joto wala kukatika kwenye baridi. Nilikuwa nimelijua jambo hilo miaka yote upande wa glavu, na sikuwahi kuliwaza upande wa gari.

Dawa ziko mbili. Unaweza kuipaka raba ya zamani vanishi angavu ya kopo, tabaka tatu nyembamba, ikauke kabisa ndipo umimine silikoni. Au unatumia silikoni ya aina nyingine, inayogandishwa kwa kemikali yenye madini ya bati, ambayo haibabaishwi sana na salfa. Hiyo ya pili ndiyo ninayotumia sasa. Kasoro yake ni kwamba kalibu yenyewe husinyaa kadiri miezi inavyopita, kwa hiyo ukitengeneza kalibu toa vipande vyako vyote mapema, na vya akiba juu yake. Udongo wa kufinyangia nao uuangalie, kwa kuwa aina nyingi zina salfa. Ukiwa na silikoni ya platini, tafuta ulioandikwa kuwa hauna.

Kitu kingine nilichojaribu kwa mazoea ya kazini ni kalibu ya plasta. Ni rahisi, naijua, niko nayo kwa magunia. Mpira ulitoka umejaa vitundu kama sponji. Sehemu moja ya poliyurethani hii, ile ya manjano, ikikutana na maji inatoa hewa ya kaboni dioksidi, na plasta hata ikionekana kavu bado imeshika maji ndani yake. Mbao pia. Hata chupa iliyoachwa wazi siku ya mvua hunywa unyevu wa hewani na kuanza kutoa mapovu. Nililazimika kutupa nusu ya boksi la kwanza. Hiki ndicho kilio changu kikubwa kwa watengenezaji: onyo la unyevu limeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya karatasi ya maelekezo, wakati lilipaswa kuwa juu ya kifuniko. Ukifungua chupa, mimina unachotaka, futa mdomo, funga pale pale. Na ununue maboksi madogo hata kama kubwa linaonekana lina nafuu, kwa sababu chupa iliyofunguliwa haingoji.

Upande wa afya sitanyamaza. Ile chupa ya manjano ina kemikali iitwayo isosayanati. Inaweza kumfanya mtu apate pumu, na mwili ukishaikataa mara moja unaikataa daima, hata kwa kiasi kidogo sana. Mimi nachanganyia nje au dirishani penye upepo, navaa glavu za nitraili na miwani, na sipashi mchanganyiko moto ili ukauke haraka. Watoto wasikae karibu.

Sasa niionyeshe raba ya pedali, kwa sababu ndiyo iliyonithibitishia kwamba bidhaa hii inastahili.

Ya klachi ilikuwa imevunjika, ya breki ilikuwa nzima lakini imelika kona ya kulia, mistari yake imefutika pale kisigino cha baba kilipokuwa kikipumzika miaka yote ile. Kwenye gari langu hizi mbili ni pacha, kwa hiyo nikaichukua ya breki kama mfano wa zote. Niliiosha kwa sabuni, nikaikausha, nikaijaza ile kona kwa nta nyekundu ya kazini, tone kwa tone, hadi ikapanda juu kidogo ya mistari mingine. Kisha nikashika kisu cha nta na kuendeleza mistari, mmoja mmoja, kutoka upande uliobaki hadi ukingoni. Ni kazi ile ile ya kuchonga jino: unatazama lililobaki linakwambia lililopotea lilikuwaje. Saa mbili na nusu zilipita. Nilipomaliza, vidole vyangu havikuweza kusema nta inaanzia wapi.

Nyuma ya raba hiyo kuna mdomo unaojikunja kuzunguka bati la pedali, na hapo ndipo kalibu ngumu ingekwama. Silikoni haina shida hiyo, unaivuta inatoka kama soksi. Nikafanya kalibu ya pande mbili, upande wa uso na upande wa mdomo, na vishimo vinne vya kuzishikanisha zisihame. Kati ya pande mbili nikapaka vaselini, kwa maana silikoni hukamata silikoni mwenzake na kukataa karibu vitu vingine vyote. Nikaacha tundu la kumiminia kwenye kona ya chini na vitundu viwili vya hewa kwenye kona za juu.

Kuchanganya: gramu kwa mizani, kijiti cha plastiki badala ya cha mbao, koroga polepole ukikwangua pande na chini ya kikombe, kisha hamishia kikombe cha pili na ukoroge tena. Hatua hiyo ya kikombe cha pili watu huiruka. Kilichobaki kimeganda ukutani mwa kikombe cha kwanza bila kuchanganyika ndicho kinachokuletea doa linalonata kwenye kipande chako. Rangi nyeusi matone machache tu, ikizidi huharibu ukazaji. Halafu unainua kikombe juu, kama urefu wa mkono kutoka kiwikoni hadi kwenye vidole, na kumimina uzi mwembamba usiozidi unene wa kijiti cha kibiriti. Uzi huo mwembamba hupasua mapovu yenyewe. Mimi nina meza ya kutetemesha plasta, nikaiweka kalibu juu yake dakika moja, na mapovu yaliyobaki yakapanda kwenye vitundu vya hewa. Asiye na meza hiyo agongegonge kalibu kwa mpini wa bisibisi, inatosha.

Nilifungua baada ya saa 24. Mistari yote ipo, kona iliyochongwa haitofautiani na nyingine. Lakini sikuifunga siku hiyo. Mpira huu unashikika kesho yake na kufikia nguvu zake zote kama baada ya siku 7. Vipande viwili vya mwanzo nilivifunga mapema na vikachanika mdomo. Ya pedali niliisubiri wiki nzima, nikaitumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu ilegee, nikaivuta kuzunguka bati kwa vidole vitupu. Ilikaa. Nilikaa kitini nikakanyaga klachi mara kumi, gari limezimwa, mlango wazi, na unyayo wangu ukaitambua mistari ile. Miezi 18 baadaye haijaanza kulika, haijahama, haitelezi hata kiatu kikiwa na maji.

Pete za nyaya ni hadithi fupi. Zilitoka vizuri kwa mpira wa 40 na zimekaa vizuri. Vizibo vya sakafu hivyo hivyo. Vifundo vya boneti vimefanya kazi lakini vimelala kidogo: vilikuwa na kimo fulani, sasa vimepungua karibu milimita moja na boneti ikifungwa pengo lake limeshuka upande wa kushoto. Hii ni tabia ya mpira huu na ningependa wauzaji waiseme wazi. Ukibanwa muda mrefu haurudi wote. Kwa kifundo unaweza kuweka washa, ile pete bapa ya chuma, chini ukaendelea na safari. Kwa raba ya mlango, ambayo kazi yake yote ni kubanwa na kurudi maelfu ya mara, haufai kabisa.

Nilijua hilo baada ya kujaribu. Nilimimina urefu wa nusu mita wa raba ya mlango kwa mpira wa 40, nikaubandika, mlango ukakataa kufungika bila kusukumwa kwa bega. Raba ya mlango ya asili ina hewa ndani, ni ya sponji, na mpira wa kumimina ni mzito wote. Milangoni na kwenye buti weka raba ya sponji ya EPDM, aina ya mpira wa kiwandani, inayouzwa kwa mita. EPDM inavumilia jua, ozoni na mvua kuliko mpira wa asili, na sura zake ni nyingi mno, kinachotakiwa ni kujua sura yako. Kata kipande chembamba cha raba ya zamani kwa wembe, pale ilipofichwa chini ya chrome ambapo haijapondeka, kigandamize kwenye kidau cha wino cha mihuri, kisha kipige kwenye karatasi ya miraba. Unapata picha ya kweli kwa kipimo chake, unahesabu milimita, unalinganisha.

Kona za raba hiyo nilizishindwa hadi nilipokwenda kwa mzee mmoja fundi viatu. Nilikuwa nakata nyuzi 45 na sponji inajivuta, kiungo kinabaki na mdomo wazi. Aliniangalia nikikata mara moja tu.

"Mwanangu, kisu chako kikavu. Kiloweshe."

"Maji tu, Mzee?"

"Maji tu. Na usikekete. Vuta mara moja, kisha acha."

Akachovya wembe, akauvuta mara moja, na uso wa sponji ukatoka laini kama umepigwa pasi. Nikaukausha, nikatia tone la gundi ya papo hapo, nikabana kwa kuhesabu hadi 20. Kona zile nane hazijafunguka mpaka leo.

Kabla sijaamua kipande kipi kikae wapi kwenye injini nilifanya jaribio ambalo namshauri kila mtu alifanye, kwa sababu halihitaji chochote zaidi ya chupa za jemu na siku 30. Nilitoboa vidonge vya mviringo kutoka kwenye tyubu ya tairi, ukanda wa EPDM, karatasi ya mpira wa nitraili (ule wa zile glavu) na mpira wangu wa kumimina, vyote vikiwa na ukubwa wa kuingia kwenye washa ya chuma kwa kubana kidogo. Vidonge 16, chupa nne: petroli, oili ya injini, mafuta ya breki ya DOT 4, maji. Baada ya mwezi nilivitoa na kujaribu kuvirudisha kwenye washa ile ile.

Tyubu na EPDM zilizotoka kwenye petroli na oili zilikuwa zimevimba, hazikuingia tena, na tyubu ilikuwa inakatika kwa ukucha. Kwenye mafuta ya breki zote mbili zilikuwa vile vile kama siku ya kwanza. Nitraili ilikuwa kinyume: kwenye oili salama, kwenye petroli imevimba kidogo tu, kwenye mafuta ya breki imelegea. Mpira wa kumimina ulivumilia oili vizuri, kwenye petroli ulivimba na ulipokauka ukarudi karibu na ulivyokuwa, na kwenye mafuta ya breki uligeuka kitu kinachonata, ukaacha alama nyeusi kwenye kidole changu. Maji baridi hayakukifanya chochote kidonge chochote.

Watu wengi hudharau jambo hili wanapokata tyubu na kuifanya gasketi ya kila kitu. Tyubu ni ya butili, aina nyingine ya mpira wa kiwandani, inazuia hewa vizuri kuliko mipira mingi, na kati ya bampa na bodi, au chini ya betri, ni kitu kizuri sana. Ukiiweka kwenye kifuniko cha tanki la petroli umejitengenezea uvujaji. Pale kwenye kifuniko niliweka karatasi ya nitraili, nikaikata kwa mkasi, dakika tano. Na hozi za petroli sikuthubutu kubuni: nilinunua zenye alama ya SAE J30 R9, ambazo ndani zina tabaka linalovumilia hata petroli yenye ethanoli.

Kuhusu raba za breki, nasema waziwazi: hazimiminwi, hazichongwi, hazikatwi kutoka kwenye kitu kingine. Mafuta ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni ya jamii ya glaikoli, na raba zake ni za EPDM au za mpira mwingine uliotengenezwa kwa ajili yake, kwa vipimo ambavyo jicho halivioni. Ule mpira uliogeuka kitu kinachonata kwenye chupa yangu ya jemu ulitosha kunionyesha. Mkipata silinda isiyo na raba za kununua, shimo lake lichongwe hadi kipimo ambacho raba zake zinauzwa, au ibadilishwe silinda nzima. Mahali nilipopata ushauri mbaya kabisa wa safari hii ni duka moja lililoniuzia mpira wa chupa mbili na kuniambia "unafaa kwa kila kitu, hata breki". Sijarudi hapo.

Vivyo hivyo bushi za magurudumu ya mbele na maunti za injini, yaani raba zinazoishikilia injini. Kuna poliyurethani maalumu inayopikwa kiwandani kwa kazi hizo, lakini hii ya kuganda yenyewe mezani si ndugu yake. Maunti huwa zimeunganishwa na chuma kwa gundi ya kiwandani, na hakuna mahali kwenye karatasi ya maelekezo palipoahidi hilo. Karibu na bomba la moshi pia usiupeleke mpira huu, kwani huanza kulegea kwenye joto ambalo silikoni hailihisi. Kwenye mfumo wa maji ya rejeta usiuweke, kwa sababu maji ya moto huivunjavunja poliyurethani kadiri muda unavyokwenda.

Kwenye jua mpira huu una kasoro ambayo nimeiona kwa macho. Kizibo kimoja nilikimimina bila rangi, nikakiacha juu ya dashibodi makusudi. Kimegeuka manjano ya kutu na uso wake unaacha unga. Vile vyenye rangi nyeusi, vilivyo nje chini ya boneti na pembeni mwa taa, vimepauka kidogo lakini havijapasuka. Navipaka mafuta ya silikoni kila baada ya miezi michache.

Kwa hiyo katika vipande vyangu 14: kumi vimetoka kwenye chupa hizi na vipo garini, viwili vikaishia kuwa vya EPDM, kimoja cha nitraili. Cha mwisho ni raba ya kioo kidogo cha pembetatu cha mlango wa mbele wa kulia, yenye mifereji miwili inayopinda pande tofauti. Nimeshaimimina mara tatu na mara zote hewa inanaswa kwenye pembe ile kali. Wiki hii nimekata kalibu upya ili nimiminie kutoka pembe hiyo hiyo, hewa itokee upande wa pili. Nimeiacha mezani imefungwa kwa kamba, na kesho asubuhi itakuwa imetimiza saa 24.